SOMO LA AFYA KAZINI: Bega Linaposagika, Tusikubali Kuambiwa "Ni Uzee" Tu



Somo lililopita lilihusu mgongo. Baada ya somo hilo wenzetu wa matawi kadhaa, hasa wa miwa na wa chai, walituuliza mbona hatukugusa bega. Wana haki ya kuuliza. Katika makambi yetu mtu akiamka usiku wa manane akakaa kitandani huku ameushika mkono wake, mara nyingi ni bega lililomwamsha. Kwa hiyo leo tunajifunza juu ya kusagika kwa kiungo cha bega: kunatoka wapi, nani yuko katika hatari zaidi, na sisi kama chama tuna la kufanya kabla mkono haujakataa kupanda.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana ndilo lililotufanya tutafute elimu hii.

Ndugu mmoja, mpakiaji wa miwa upande wa Busoga, alifika ofisini kwetu akiwa na umri wa miaka 47. Mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua. Shati alivalishwa na mkewe. Akiuzungusha mkono, bega lilikwaruza kama mlango wenye bawaba za kutu, na aliyekaa karibu naye alisikia. Alikuwa amepigwa picha ya eksirei, na kwenye karatasi yake pameandikwa kwamba kiungo cha bega kimesagika, sababu yake umri. Menejimenti ilisoma neno hilo moja, umri, ikasema: huu si ugonjwa wa kazi, mtu huyu amechoka, apewe malipo yake ya mwisho aende nyumbani.

Tulibishana nao siku mbili, tukashindwa. Hatukukosa sauti, tulikosa maarifa na tulikosa karatasi. Jioni yake tukiwa tumekaa naye nje ndipo alipotukumbusha kwamba miaka 19 kabla ya hapo alianguka kutoka juu ya trela la miwa, bega likatoka mahali pake. Wenzake walimlaza chini, mmoja akaweka kisigino kwapani mwake akauvuta mkono mpaka ukarudi. Wiki ya pili alikuwa kazini. Baadaye bega hilo hilo lilitoka tena mara tatu. Hakuna aliyeandika popote, si zahanati, si ofisi ya shamba, si tawi. Na halmashauri ya tawi ya wakati ule, ambayo sisi tulikuwa ndani yake, ndiyo iliyomwambia ajikaze asije akapoteza nafasi yake katika gengi. Lawama ya mwajiri ipo, lakini na yetu ipo.

BEGA LIMEJENGWAJE

Nyonga imejengwa kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa, na kombe la bega limetoa kisahani kidogo tu cha kukiegemeza. Chungwa limekaa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono unaweza kukuna mgongo, kugusa dari na kurusha jiwe, kazi ambazo mguu hauziwezi. Na ndiyo maana katika viungo vikubwa vya mwili hakuna kinachotoka mahali pake mara nyingi kama bega.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni nyama na kano. Nyama nne zinatoka katika kombe la bega, na kano zake zinakikumbatia kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika mpira. Pale mifupa inapogusana pamefunikwa na gegedu, ule utando mweupe mgumu unaoteleza. Aliyewahi kutafuna ncha ya mfupa wa kuku anaijua gegedu. Jambo moja la kukumbuka: gegedu haina mishipa yake ya damu. Ngozi ikikatwa na panga inapona. Gegedu ikilika hairudi kama ilivyokuwa.

Juu kidogo kuna kiungo cha pili, kidogo, pale mtulinga unapokutana na ncha ya kombe la bega. Fuata mtulinga kwa kidole kuelekea nje, utakikuta kabla hujafika kwenye nyama ya mkono. Hapo ndipo gunia hukaa, na hicho nacho husagika.

Kusagika ni hivi. Gegedu inapungua na kupasuka, mfupa unakaribiana na mfupa, pembeni vinaota vinundu vya mfupa, kiungo kinakakamaa. Maumivu huwa ndani sana, mara nyingine nyuma ya bega, na usiku hayampi mtu nafasi ya kulalia upande huo. Kwanza unashindwa kufikia mgongoni, kisha kichwani, kisha hata kujifunga mkanda ni kazi.

UMRI UNA SEHEMU YAKE, LAKINI SI YOTE

Hatusemi daktari yule aliandika uongo. Ugonjwa huu huwapata wengi baada ya miaka 50, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Tena kuna ukoo ambao viungo vyao huchakaa mapema, baba na mtoto. Hayo hatuwezi kuyajadili katika mkutano na mwajiri.

Lakini lishikeni jambo hili, maana ndilo lingemsaidia ndugu yetu kama tungalijua. Goti na nyonga hubeba uzito wa mwili kila hatua, maisha yote. Bega halibebi mwili. Kwa sababu hiyo kusagika kwa bega ni nadra kuliko kusagika kwa goti. Sasa likisagika bega, na hasa la mtu ambaye hajafika miaka 50, haitoshi kuandika umri. Ni lazima kuuliza: nyuma ya ugonjwa huu kuna nini? Aliumia lini? Kano zake ni nzima? Amefanya kazi gani, miaka mingapi, kwa mkono upi? Anaugua nini kingine? Amekuwa akitumia dawa gani? Maswali hayo ndiyo somo la leo.

JERAHA LA ZAMANI

Mtu ambaye bega lake limewahi kutoka yuko katika hatari kubwa kuliko yule ambaye halijatoka. Chungwa likitoka kwenye kisahani hukwaruza ukingo wake, na huenda likamega kipande. Gegedu inaumia siku hiyo hiyo, ila maumivu yakipoa mtu husahau. Ugonjwa unakuja kudai miaka kumi, ishirini baadaye. Na kijana ambaye bega lake limetoka akiwa na miaka 18 au 20, halafu akarudishwa kazini haraka, ni rahisi sana litoke tena. Kila likitoka linaongeza uharibifu.

Vivyo hivyo mfupa wa bega ukivunjika ndani ya kiungo ukaunga vibaya. Kisahani hakiko sawa tena, na chungwa linazunguka juu ya jiwe.

Kwa hiyo tunasema wazi kwa wenzetu wa magengi: tuache kuvutana mikono porini. Tunajua mnafanya kwa huruma, na tunajua zahanati iko mbali. Lakini pengine mfupa umevunjika na hamwoni, na pembeni yake inapita mishipa ya damu na ya fahamu. Mfungeni mwenzenu mkono kifuani kwa kitambaa, apelekwe hospitali, apigwe picha kabla na baada ya kurudishiwa. Baadaye apewe muda, na mazoezi ya kuimarisha nyama, ndipo arudi kwenye kazi nzito. Kumrudisha kwenye mzigo baada ya wiki moja ni kumwandalia kilema.

KANO ZILIZOKATIKA

Hili wengi hawalijui, hata katika zahanati. Zile kano nne zinazolishika chungwa zinaweza kulika polepole na kukatika, kama kamba ya kisima inavyolika mahali pamoja. Kazi ya kuinua mikono juu, tena na tena, inazisugua na kuzichosha. Mkono unapokaa juu muda mrefu nyama zimejikaza, damu inapita kwa shida, na kano haipati chakula chake. Uvutaji wa sigara nao unazidisha ubaya, kwa sababu ile ile ya damu. Kano kubwa zikikatika, hakuna tena vidole vya kushika mpira. Kichwa cha mfupa kinapanda juu, kinasugua mahali ambapo hakikuumbiwa kusugua, na kiungo kinaharibika chote. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Charles Neer, na wenzake walieleza kwa ukamilifu jinsi kano zilizokatika zinavyoweza kuleta kusagika kwa bega. Si kila aliyekatika kano atafika huko, lakini njia hiyo ipo.

Katika kiwanda kimoja cha nguo tulikuta akina mama wanaopachika vibuyu vya uzi kwenye fremu iliyotengenezwa kwa kimo cha watu warefu kuliko wao. Siku nzima mikono iko juu ya masikio. Wanne walikuwa wanalalamika bega, na nyapara aliwaambia wanajifanya. Tuliomba jukwaa la mbao, urefu wa kiganja na nusu, la kusimamia. Menejimenti ilikataa miezi mitano, ikidai gharama. Fundi seremala wa kiwanda alilitengeneza kwa mbao za makasha, kwa siku moja. Baada ya hapo mikono ilikuwa mbele ya kifua, na malalamiko yalipungua. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu mara nyingi tunafikiri afya kazini ni mashine mpya kutoka ng'ambo. Mara nyingine ni mbao za makasha.

KAZI YENYEWE

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua ndoo yenye maji ya lita 5, yaani kama kilo 5. Ishike karibu na kifua, hesabu mpaka 60. Si kitu. Sasa nyosha mkono mbele ukiwa na ndoo hiyo hiyo. Kabla hujafika 20 bega linatetemeka. Ndoo haikuongezeka uzito, kilichoongezeka ni umbali kutoka mwilini. Hata bila ndoo, mkono wa mtu wa kilo 70 una uzito wa kama kilo 3 na nusu, na nyama za bega ndizo zinazoubeba kila unapouinua. Ndiyo sababu mchuma chai anayefikia mbali katikati ya safu, huku kapu linamvuta mabega nyuma, anachoka bega ingawa jani moja la chai halina uzito wowote.

Fikirini mkata miwa. Tuseme anapiga panga mara 20 kwa dakika, na anafanya hivyo saa 6 kwa siku. Hizo ni mara 7,200, zote kwa bega moja. Panga likiwa butu kila pigo linataka nguvu zaidi, na mshtuko wake unarudi mkononi mpaka begani. Basi tupa ya kunolea si zawadi ya nyapara, ni kifaa cha kazi kama lilivyo panga lenyewe. Kuna mashamba ambayo mfanyakazi hununua tupa kwa fedha zake, naye kwa sababu ya umaskini ananoa mara moja kwa siku badala ya mara tatu au nne. Hapo mwajiri anaokoa bei ya tupa, na mfanyakazi analipa kwa bega.

Mzigo wa begani una habari yake. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema kwamba pale ambapo mwanamume mzima anaruhusiwa kubebeshwa peke yake mzigo wa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza ufikie kiasi hicho. Kwa wanawake na vijana lilitaka uzito uwe pungufu sana ya huo. Hiyo ni mwaka 1967. Nendeni leo kwenye maghala mkapime magunia.

Halafu kuna mtikisiko wa mashine. Mwaka 1992 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa kile kiungo kidogo cha juu, cha mtulinga na kombe la bega. Waliwapiga picha waashi 54, wapasua miamba 55 wanaotumia mashine za kutoboa, na wasimamizi wa kazi 98. Viungo vya waashi na wapasua miamba vilikuwa vimesagika zaidi kuliko vya wasimamizi. Tazameni waliolinganishwa nao: ni manyapara, watu wa kazi hiyo hiyo, waliokaa katika nchi hiyo hiyo na baridi hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa nani ameshika jiwe na mashine, na nani ameshika daftari. Kwa wenzetu wa machimbo ya mawe, wa ujenzi wa barabara na wanaotumia misumeno ya moto, habari hii inawahusu moja kwa moja.

Lakini tuseme kweli yote. Kazi nzito peke yake haimsagi kila mtu bega. Kuna wazee waliokata miwa miaka 30 na mikono yao ni mizima. Hatari ni kama madeni, yanajumlishana. Mwenye bega lililowahi kutoka, anayebeba gunia, asiyepata mapumziko, mwenye ukoo wa viungo vibaya, huyo deni lake limekua. Mwajiri akikuonyesha mzee mmoja mzima, mwonyeshe hesabu hiyo.

MFUPA UNAOKUFA KWA KUKOSA DAMU

Kuna njia nyingine ya kusagika ambayo haianzi kwenye gegedu. Damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa, mfupa unakufa, unabonyea kama yai lililogongwa, na gegedu juu yake inaharibika. Hii huwapata wenye ugonjwa wa selimundu, ambao katika nchi zetu ni wengi. Kijana wa selimundu mwenye bega bovu akiwa na miaka 25 hawezi kuambiwa ni uzee, wala kuambiwa ni mvivu. Hutokea pia kwa wanywaji wa pombe kali kwa wingi na kwa miaka mingi, na kwa wapiga mbizi na wanaofanya kazi katika hewa iliyoshindiliwa chini ya ardhi au maji.

Sababu nyingine inatutia hofu zaidi, kwa kuwa inauzwa dukani. Kuna vidonge vya aina ya steroidi, kama prednisolone, ambavyo ni dawa halali ya magonjwa fulani vikitolewa na daktari. Siku hizi watu huvinunua bila karatasi, na wengine huuziwa vikiwa vimechanganywa na dawa za "viungo" zisizo na jina. Mtu anameza, maumivu yanakwisha, anarudi kwenye gunia, anasifu dawa. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu anaweza kuua mfupa ule ule aliokuwa akiutibu, mbali na kuharibu mambo mengine mwilini. Ukipewa dawa ya maumivu uliza jina lake. Na kama umekuwa ukimeza steroidi kwa muda, usiache ghafla bila daktari, hilo nalo ni hatari.

Tuongeze magonjwa yanayokula kiungo: usaha ulioingia ndani ya bega, kifua kikuu cha mifupa, na baridi yabisi inayovimbisha viungo vingi kwa pamoja. Bega lililovimba, lenye moto, pamoja na homa, ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa kuna kisa cha kale kinachotugusa. Mwaka 1893 huko Paris, daktari Péan alimwekea mtu bega la bandia la kwanza kujulikana katika historia, la platini na mpira. Mgonjwa alikuwa mwoka mikate wa miaka 37 ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemla bega. Lilimsaidia kama miaka miwili, kisha likaondolewa kwa sababu ya usaha. Leo mabega ya bandia ni mazuri kuliko hayo, lakini ni ghali, na mfanyakazi wa kawaida wa nchi zetu hayafikii. Ndiyo maana tunahangaika na tupa na majukwaa ya mbao.

MANENO YANAYOPOTOSHA

Kuoga maji ya baridi baada ya kazi hakusagi bega. Kunyeshewa mvua na kulala penye upepo, vivyo hivyo. Baridi yaweza kufanya bega bovu liume zaidi, lakini siyo iliyolivunja. Kulia kwa viungo bila maumivu si ugonjwa. Unene unasaga magoti zaidi kuliko mabega.

Pia si kila bega lililokakamaa limesagika. Mwenye kisukari anaweza kupata bega linaloganda, lisilotaka kwenda upande wowote, na kwa wengi huachia polepole ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Maumivu mengine hutoka shingoni yakashuka begani. Na bega la kushoto linalouma ghafla pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, huenda ni moyo. Hapo usingoje zamu iishe.

Aliyekwisha kusagika asiuache mkono ufe. Ausogeze kila siku kadiri unavyokubali, aegemee meza kwa mkono mzima na kuuacha ule mbovu uning'inie na kuyumba taratibu kama kengele. Kitambaa cha maji moto kinasaidia. Dawa za maumivu zipo, lakini diclofenac na ndugu zake zikimezwa kila siku huchoma tumbo na kuumiza figo, kwa hiyo zitumike kwa ushauri.

KARATASI

Turudi kwa ndugu yetu mpakiaji. Angekuwa na karatasi moja ya siku ile ya trela, habari ingekuwa nyingine.

Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, ambayo inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Nchi jirani nazo zina sheria zao. Lakini sheria haisomi mawazo ya mtu, inasoma maandishi. Bega likitoka kazini, hata likirudi palepale, mwakilishi wa tawi aandike siku, saa, mahali, kazi aliyokuwa akifanya, na majina ya mashahidi wawili. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, na nakala ibaki tawini. Huko hospitali mgonjwa amweleze daktari kazi yake kwa urefu. Asiseme tu "kibarua". Aseme: ninapakia miwa, mkono wa kulia, miaka 19, bega limetoka mara nne. Akiombwa kusaini kwamba ameumia nyumbani, asisaini.

Tusijidanganye kwamba njia ni nyepesi. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ile iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja kwa jina magonjwa ya kifundo cha mkono, ya kiwiko na ya goti yanayoletwa na kazi. Bega halikutajwa kwa jina. Lakini iko ibara inayofungua mlango kwa magonjwa mengine ya nyama na viungo, pale uhusiano wake na kazi unapothibitishwa. Na mlango huo unaingilika: mwaka 2025 Ujerumani iliingiza katika orodha yake ya magonjwa ya kazi kuharibika kwa kano za bega kunakotokana na miaka mingi ya kazi nzito. Walifika huko kwa ushahidi uliokusanywa. Ushahidi wa kwetu utaanzia kwenye madaftari ya matawi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

Katika gengi au zamu yenu, nani bega lake limewahi kutoka, na liliandikwa wapi? Ni kazi ipi inayofanywa mikono ikiwa juu ya mabega kwa zaidi ya nusu ya siku, na inawezekana kuishusha kazi au kumpandisha mtu? Magunia ya ghalani kwenu yana kilo ngapi kwa mizani, si kwa maandishi ya juu ya gunia? Nani ananunua tupa? Inawezekana kubadilishana kazi katikati ya siku, mkataji akawa mkusanyaji, bila mtu kupunguziwa malipo ya kipande?

Makatibu wa matawi walete majibu kwa maandishi, pamoja na daftari la ajali, hata kama bado halina kitu ndani. Somo lijalo litahusu masikio na kelele za mashine.